Amina Niliyomwitikia Munganga

Nasema mapema ili municheke mumalize: mbele ya wanawake wote waliolazwa kwenye sale ya hospitali, hapa Bunia, nilimwitikia munganga "Amina", tena kwa sauti ya kwaya.

Mimi ni mtu wa nyumbani (nikifika barabarani tu, tayari nakumbuka kitanda changu), basi siku moja kabla ya kupasuliwa uvimbe kwenye kizazi, mvua inapiga mabati, dawa ya maumivu inanibembeleza, nikaamua kufumba macho kidogo, na papo hapo nikawa kwetu Mudzipela, kwenye baraza langu, mtoto ambaye bado sijamzaa ananivuta kitenge. Pale sale vikundi vya sala hupita kila mchana, unaitikia tu. Kwa hiyo sauti tamu ya mwanaume iliposimama karibu yangu ikisema "kwa faida ya wamama wengine" na "kwa hiari yako", nikainua mikono: "Amina!" Wenzangu nao, kwa mazoea: "Aminaaa!" Mama Debora wa kitanda cha jirani akaanzisha wimbo.

Nikafungua macho. Alikuwa munganga wa utafiti.

"Mama, hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo, dokta," nikajibu haraka, nikitaka tu aende na aibu yangu, nirudi usingizini.

"Sasa umekubali nini?"

"Nimekubali... muniombee."

Sale ikalipuka. "Huyu ukimuomba kizazi chenyewe, ataitika!" akasema Mama Debora.

Munganga akavuta kiti. "Komite ya etike, ile inayolinda haki za wagonjwa, ilituruhusu kufanya utafiti, mama. Haikuturuhusu kukuchukua ukiwa kwenye ndoto." Akaanza upya, polepole: wanalinganisha namna mbili za kushona kizazi uvimbe ukishatoka, zote zinatumika tayari, ila haijulikani ipi inafaa zaidi kwa anayetaka kuzaa, na namna yangu ingechaguliwa kwa kura ya bahati. Kura! Kwa kizazi changu! Usingizi wote ukahama.

"Na nikikataa, bado mutanipasua?"

"Kesho asubuhi, vilevile."

"Basi nakataa, dokta."

"Weye! Baada ya kutuimbisha?" Mama Debora akapiga makofi.

"Aksanti, mama," munganga akasema. "Sasa ndiyo umenijibu."

Kesho yake nilizinduka kama ninaelea, mdomo mkavu, nikamuuliza muuguzi neno moja juu ya kizazi changu: "Kiko?"

"Kiko, mama. Pumzika."

Nimeapa: siku nyingine nikitaka mtu aondoke, nitamwambia aondoke. Sitampa tena ndiyo yangu ili aniache nilale.