Shuka la Mama Mkwe

Jina la Mama Pasi hakupewa kwa ubaya. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tangu wengi wetu hatujaijua sabuni ya magunia, na ile pasi kubwa ya mvuke aliiendesha kama mali ya baba yake. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Yeye alishika ncha hii, mimi ile, tukalikunja mara tatu kwa urefu, likapita kwenye pasi, likatoka na mistari miwili iliyonyooka. Ukipinda kidogo tu alilifumua mbele yako, akakurudishia bila neno, nawe ukatafuta pa kuuficha uso. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota mtaani.

Serikali ilipoishiwa ikatangaza kubana matumizi. Sisi, kwa ujinga wetu, tukadhani watabana safari zao na magari yao. Wakabana shuka. Mwisho wa mwezi vyumba vya kufulia vya hospitali zote za serikali vifungwe, wafuaji warudi makwao, na mgonjwa aje na shuka lake ndugu zake wamfulie. Katibu wa hospitali alitutangazia hayo akiwa mlangoni. Ndani hakuingia, labda aliogopa jasho.

Mama Pasi ndiye aliyezima mashine ya kwanza.

"Vitanda vibaki bila shuka," alituambia. "Wageni wa wizara wanakuja kukagua. Waone kwa macho yao. Lakini mtu akiingiza shuka la nyumbani, hata moja, watasema mbona inawezekana. Hapo ndiyo basi tena."

Tukakubaliana kugoma, tukapeana zamu za kusimama getini kuwaomba ndugu wa wagonjwa warudishe shuka zao nyumbani. Hakuna aliyeomba vizuri kama yeye. Alimshika mtu mkono, akamuuliza taratibu, "Na yule asiye na ndugu, nani atamfulia?" Wengi walimwelewa. Wachache walitutukana, na sikuwalaumu, maana godoro la hospitali limevikwa mpira, na ukilala juu yake mgongo unanata hadi kugeuka ni kazi. Mama mmoja alikuja na shuka la maua kwa ajili ya dada yake, akalia pale getini. Mama Pasi alilia naye, lakini lile shuka la maua halikupita.

Halafu mama mkwe wake akateleza bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa kwetu.

Siku iliyofuata tukachanga matunda, tukaenda wodini kumjulia hali. Mama mkwe huyo tulikuwa tunampenda, bibi mwembamba mwenye masihara, aliyekuwa akituita wote wakwe zake. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Kwenye cha jirani alilala bibi mwingine, mgonjwa wa siku nyingi asiyetembelewa na mtu. Wodi nzima magodoro yalikuwa wazi, mpira mtupu, isipokuwa kitanda kimoja. Mama mkwe wa kiongozi wetu alikuwa amelala juu ya shuka jeupe.

Mama Pasi alisimama alipotuona, akakaa tena.

"Ni wifi yangu huyo," alisema kabla hatujamuuliza. "Nimefika nimekuta ameshalitandika. Sasa nitamtoa mama wa watu juu yake vipi?"

Tulikuwa tunaliangalia shuka. Kutoka kichwani hadi miguuni lilikuwa na mistari miwili ya pasi, imeligawa godoro sehemu tatu sawasawa. Nyumbani nani anapiga pasi shuka hivyo? Wifi yake anauza vipuri vya baiskeli, hata blauzi yake mwenyewe haijui pasi. Mama Pasi alikuwa amelifua kwake, akalinyoosha, mkono ukajiendea ulikozoea, na mwenyewe asitambue. Alipoona macho yetu yalipo, akalipitisha kiganja juu ya ule mstari, kama anayetaka kuufuta. Mama mkwe akageuza uso dirishani.

Tukaacha matunda, tukatoa pole, tukatoka. Kwenye ngazi nilikuwa nawaka. Shuka ningeweza kulisamehe, maana mama ni mama. Ila kumsingizia wifi, mbele yetu sisi, kama hatuijui kazi yake? Na bado niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyedanganya.

Wageni wa wizara walifika asubuhi yake. Tulijipanga kando ya ukuta wa wodi, mikono nyuma, kimya, kama tulivyopanga, na Mama Pasi katikati yetu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mgeni mmoja aligusa godoro, akajifuta vidole kwa leso. Mwingine alimuuliza muuguzi swali kwa sauti ya chini na hakupenda jibu. Nikaanza kupata matumaini.

Katibu akawapeleka dirishani.

"Hapa sasa mtaona tofauti," alisema. "Huyu mama ni mkwe wa kiongozi wa hawa waliogoma. Yeye kaletewa shuka safi kutoka nyumbani. Ndugu wakiwajibika, inawezekana kabisa." Akamgeukia Mama Pasi, akitabasamu. "Ahsante, mama. Wewe ndiye umetuonyesha njia."

Nimeona watu wakitukanwa hadharani na kufukuzwa kazi. Sijaona mtu aliyeumizwa kama yeye alivyoumizwa na ahsante ile. Wenzangu waliangalia sakafu. Mimi pia.

Mama mkwe ndiye aliyesema.

"Mwanangu, njoo ulitoe."

"Mama, wageni hawa..."

"Nawaona. Nimelala hapa nikimsikia mwenzangu ngozi inavyobanduka kila akijigeuza. Naona haya kumtazama. Njoo."

Kumfunua mama mkwe mbele ya wanaume wenye suti ni jambo ambalo mkwe haombwi. Mama Pasi alipiga moyo konde, akaenda. Bila kuambiana tukakizunguka kitanda, migongo kwa mgonjwa, nyuso kwa wageni. Wawili wetu wakamwinua taratibu. Nyuma yangu nilisikia bibi akivuta pumzi kwa maumivu, kisha ule mnato wa mpira ukipokea mgongo wake. Wageni wakajikohoza, wakasogea kitanda kingine. Katibu akawafuata, tabasamu limemkauka.

Nilipogeuka, Mama Pasi alikuwa amesimama na shuka kifuani. Hakuwaangalia wageni, alituangalia sisi.

"Si wifi," alisema. "Nililifua mimi."

Mikono yake, ambayo haijui kufanya jambo jingine na shuka, ikashika pembe mbili na kulinyoosha mbele yake, tayari kukunja. Ncha ya pili ilianguka sakafuni, karibu na miguu yangu. Akasubiri.

Niliiokota. Lakini nilichelewa, na aliona kwamba nimechelewa.