Sentensi Niliyokataa Kuisoma

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikikaa Ukunda kwa mama mdogo. Kiingereza changu kilinipatia kibarua: mwenye chumba cha michezo ya video, mtu wa bara, alitaka nikae kando ya televisheni niwasomee wachezaji kwa Kiswahili maneno yaliyotokea chini ya picha. Mchezo uliopendwa ulikuwa wa hadithi. Unamwongoza tabibu msafiri, na kila afikapo unaulizwa afanye nini.

Palikuwa na mahali anapombeba mtoto mgonjwa kumpeleka mjini. Njia ni mbili, ya mtoni na ya mlimani. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, nilizipita zote mara tatu tatu. Mtoto alikufa kila mara. Kisha yakatokea maandishi mekundu: ungechagua vyema, angeishi.

Nilimlalamikia mwenye chumba. Akacheka. "Si ni game tu, sista? Watu wanapenda kulia."

Alasiri moja akaingia jirani yetu, mama aliyefua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mwaka uliotangulia, wakati wa zile mvua kubwa, mwanawe alishikwa na homa. Alisubiri gari la kumfikisha hospitali. Daraja lilikuwa limezolewa, gari halikuja, mtoto akamfia mikononi. Hata matangani watu walimwambia: lau ungekwenda kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona mnachokipigia kelele."

Alijifunza upesi. Alipozikaribia njia mbili nilimwinamia.

"Mama, tucheze ule wa magari."

"Niache, nimefika mbali." Akachagua mlimani. "Safari hii twende kwa miguu," alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

Mtoto akafa. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo.

"Pameandikwa nini?"

Nikageuza uso kutoka kwenye kioo.

"Soma," mwenye chumba alisema.

"Sisomi."

"Kazi yako ni kusoma kilichoandikwa!"

"Kilichoandikwa ni uongo, na uongo siusomi." Nikamgeukia yule mama. "Mchezo unataka kukutwika lawama. Nimezipita njia zote mbili, mara tatu kila moja. Mtoto hufa tu. Aliyeutunga hakuweka njia ya kumponya."

"Zote mbili?"

"Zote, mama."

"Nirudishe pale."

Nikamrudisha. Akapita mtoni, polepole, bila kupepesa macho. Mtoto akafa, na maneno yakawa yale yale. Akaweka chini kidude cha kuchezea, akasimama, akamtazama mhudumu mmoja wa hoteli aliyekuwa ameegemea mlango, jirani yetu vilevile.

"Wewe uliyeniambia matangani. Umeona?"

Yule bwana akainamisha kichwa.

"Basi neno lile lisirudi tena kinywani mwako."

Nilifukuzwa pale pale, tukatoka pamoja. Njiani hakulia. Aliniuliza kama nimekula.

Baada ya wiki moja mwenye chumba alinitumia mtu: wateja hawaelewi hadithi, nirudi. Nikajibu nitarudi kwa sharti moja, kwamba kila anayeketi kucheza nimwambie kabla hajaanza kuwa njia zote mbili zinaishia kaburini. Alisema nitamharibia biashara. Nikamwambia mjumbe wake ampelekee salamu zangu, na kwamba atafute msomaji mwingine.