Vibao Vinavyosema Ndiyo

Hapa kwetu Magong, mji wa visiwani, ukimtaja Ang Siok-tin kwa jina watu watakuuliza ni Siok-tin yupi. Sema yule mama wa kipaza sauti, na hata mtoto wa chekechea atakuonyesha mlango wake. Kwa miaka thelathini na moja ametangaza kwenye basi la kampuni ya utalii ya Visiwa Tisini: kushoto kwenu kuta za matumbawe, kulia kwenu daraja, shikeni kofia zenu. Basi lenyewe aliliendesha mumewe, Lu Bun-tiong, mtu asiyependa maneno. Mke akisema "kushoto kwenu", Bun-tiong alipunguza mwendo. Akisema "haya, twende", alikanyaga mafuta. Nyumbani nako waliishi vivyo hivyo, na sijasikia kwamba waliwahi kukosana kwa jambo kubwa.

Kampuni ina shughuli zake za kutubembeleza sisi wenyeji, maana majira ya joto yakifika inatujazia wageni mpaka huwezi kutoka kununua chumvi. Kabla ya mwaka mpya inawaandikia wazee karatasi nyekundu za heri za kubandika milangoni. Kuna siku ya kuokota takataka ufukweni. Na siku ya kumi na tano ya mwezi wa kwanza, upepo ukiwa bado unakata masikio, kuna Siku ya Kobe. Zote hizo mtangazaji ni Siok-tin, na nani mwingine awe?

Kuomba kobe ni jambo la hekalu, kampuni imelikuta tu. Unapiga magoti mbele ya sanamu ya Bibi wa Bahari, mungu wetu, unajitaja jina na mtaa, unasema shida yako, kisha unarusha vibao viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi mchanga. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, Bibi amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anakucheka. Akikubali mara tatu mfululizo unachukua kobe wa unga wa mchele, unamla na watu wako, na mwakani unarudisha mkubwa zaidi. Kampuni ilichofanya ni kuweka meza yake nje, kwenye uwanja wa magari, kwa wageni wasiotaka kupanga foleni, pamoja na vibao vyake yenyewe, vikubwa, vyekundu, vinavyopendeza kwenye picha.

Mwaka jana Bun-tiong alikutwa na uvimbe kwenye pafu. Daktari wa ng'ambo ya bahari, mjini Kaohsiung, alitaka kumpasua kabla mwezi wa tatu haujaisha. Bun-tiong aliogopa kisu. Siok-tin aliogopa zaidi yake, ila hakusema. Wakakubaliana wamuulize Bibi: je, abaki nyumbani anywe dawa za mizizi, atapona? Siku ya Kobe yenyewe Siok-tin alikuwa kazini, na mapumziko yake yalitosha bakuli moja la tambi. Foleni ya ndani ilikuwa imefika barabarani. Akaweka kipaza sauti mezani, akapiga magoti palepale kwenye lami, akarusha vibao vyekundu vya kampuni.

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Watu wakampigia makofi. Alilia kwa furaha, akabeba kobe wake wa kilo tano mpaka nyumbani, na barua ya hospitali ikawekwa chini ya kopo la majani ya chai. Mwezi wa kumi Bun-tiong akafa.

Hapo ndipo Siok-tin alipomnunia Bibi. Akipita mbele ya hekalu aligeuza uso upande wa pili, waziwazi, watu wote wanaona. Mwenye msiba kwetu havuki kizingiti cha hekalu mpaka mwaka uishe, na yeye alisema afadhali, maana asingevuka hata kwa kubebwa. Lakini ahadi ya kobe aliishika. Jirani alipomshangaa, alimjibu kwamba yeye hakufundishwa kudanganya watu, akisema atarudisha, anarudisha. Akakanda unga wa kilo saba kwa mikono yake, na uzi wa msiba ukiwa bado kichwani.

Siku tatu kabla ya sherehe aliingia stoo ya kampuni kufuta vumbi kwenye vifaa. Sanduku la vibao lilikuwa juu ya rafu. Alivitoa, akavitazama kwa chuki, na kwa kuwa hapakuwa na mtu akavirusha sakafuni akiuliza kwa sauti: "Umefurahi sasa?" Kimoja kifudifudi, kingine chali. Ndiyo. Akaviokota. "Mimi ni mpumbavu?" Ndiyo. Akaviokota tena. Akauliza swali la tatu polepole: "Bun-tiong yu hai?"

Ndiyo.

Alivirusha tena na tena, bila kuuliza kitu, na kila mara vilimkubalia. Akachukua kisu cha kukatia kamba, akakwangua rangi nyekundu. Ndani ya kila kibao palikuwa na kipande cha chuma, kimoja tumboni na kingine mgongoni, ili daima kimoja kilale kifudifudi na kingine chali, vimezibwa kwa gundi safi kabisa.

Meneja Yen hakukana. Ni kijana mpole, Siok-tin alimfundisha kazi mwenyewe, na huwa anamwamkia kwanza. Alisema vibao vile vilitengenezwa kwa ajili ya wageni. Mtu apande ndege katika upepo huu, kisha Bibi amkatae, atarudi mwakani? Alidhani wafanyakazi wote wanajua.

"Halafu shangazi," akasema akitazama viatu vyake, "mwaka jana ulitangaza mwenyewe. Siku nzima. Kwamba kwetu hakuna anayeondoka mikono mitupu."

Ilikuwa kweli, na maneno hayo hakupewa na mtu. Aliyatunga mwenyewe asubuhi ile akipiga mswaki, akamsomea Bun-tiong, na Bun-tiong akasema ni mazuri. Aliyatangaza mara mia, kisha akapiga magoti kama mtu ambaye hajayasikia. Miezi yote hii alikuwa amemnunia Bibi ambaye hata swali hakuulizwa. Siok-tin alikaa kwenye kiti cha meneja akaona aibu, aibu nzito ya kumfanya mtu atamani kuzama ardhini, na chini ya aibu palikuwa na kitu kibaya zaidi ambacho hakutaka kukiangalia.

Yen alimwambia apumzike, asije Siku ya Kobe, watatumia kanda ya sauti yake. Akakataa. Akikaa nyumbani, alisema, atakaa na nani?

Basi akaja. Upepo ulikuwa umeng'oa mabango mawili tangu asubuhi. Wageni walikuwa wachache, wamevaa makoti mpaka puani. Siok-tin alitangaza yote ya kutangazwa isipokuwa ile sentensi moja. Wageni walirusha vibao vilivyopakwa rangi upya, wakakubaliwa, wakapiga picha, wakacheka. Kobe wake wa kilo saba alikuwa chini ya meza, amefunikwa kitambaa, akisubiri mtu wa kumwingizia ndani. Yeye alijiambia kwamba wageni ni wageni, wanacheza tu, hakuna atakayekufa.

Saa tisa alasiri akaja A-hok, fundi friji wa uchochoro wa nyuma, mtu wa miaka arobaini hivi. Hakuwa na kamera. Alipiga magoti kwenye lami, akafumba macho, akajitaja jina na mtaa kwa sauti ndogo kama inavyotakiwa. Siok-tin alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Alisikia kwamba Li-hua, mke wake, ana uvimbe kwenye titi. Daktari wa ng'ambo anamtaka kesho kutwa. Majira ya joto yanakuja na mafriji yote ya hoteli ni yake. Je, wakingoja mpaka vuli, Bibi atamlinda? Karatasi ya hospitali ilichungulia kwenye mfuko wa jaketi lake, imekunjwa mara nne.

Akainua mikono arushe. Siok-tin akamshika kiganja.

"Usirushe vibao hivyo, A-hok. Ni vya kuchezea. Vimetiwa chuma. Vinasema ndiyo tu."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, kiko wazi. Maneno yalitoka kwenye spika zote nne, yakavuka uwanja, yakafika kwenye ngazi za hekalu. Foleni nzima iligeuka. Yen alikuwa kwenye mitambo, akapeleka mkono kwenye swichi, kisha akaurudisha pajani bila kuzima.

"Mbona wewe mwaka jana ulirusha hapa hapa?" A-hok aliuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa. "Nilikuona, shangazi. Nikasema kama Shangazi Tin amepiga magoti pale, basi pale ndipo penyewe. Ndiyo maana nimekuja."

"Nilirusha, ndiyo. Na Bun-tiong yuko wapi?"

A-hok akashusha vibao. Siok-tin akazima kipaza sauti mwenyewe. Alimwambia hakuna haja ya kumuuliza mtu yeyote, ampeleke mkewe kesho. A-hok akatikisa kichwa. Alisema hawezi kwenda hivi hivi, roho yake haitatulia, ataingia ndani amuulize Bibi kwa vibao vya kweli. Watu wa foleni, baada ya kusikia yaliyosikika, walimpisha.

Siok-tin alimfuata mpaka kizingitini akasimama hapo, upepo mgongoni. Kutoka nje hakuona kitu kwa moshi wa ubani, lakini alisikia. Mti juu ya sakafu ya mawe una sauti yake. Vibao viliruka mara ya kwanza, na mwanamke mmoja aliyekuwa ndani akafyonya. Mara ya pili. Mara ya tatu. Halafu sauti ya A-hok: "Labda nimeuliza vibaya." Vikaruka tena. Akasikia akipunguza swali, si mpaka vuli, mpaka mwezi wa sita. Vikaruka. Mpaka mwezi wa tano, na dawa atakunywa kila siku. Vikaruka.

A-hok alitoka akiwa na kobe mikononi na jasho usoni.

"Amekubali, shangazi. Mara tatu mfululizo."

"Baada ya ngapi?"

A-hok alimtazama kobe wake.

"Nimehesabu," Siok-tin akasema. "Umerusha kumi na nne. Kumi na moja za kwanza hukuzitaka."

Na aliposema hivyo, kile kitu alichokuwa anakikwepa siku tatu kikamkaa mbele ya macho. Hata angepata nafasi ya kuingia ndani mwaka ule, angerusha kumi na nne. Angerusha arobaini. Yeye na Bun-tiong hawakwenda kuuliza, walikwenda kutafuta mtu wa kuwaambia bakini nyumbani. Chuma kiliwapunguzia kazi tu. Alitamani arudi kuwa na hasira na Yen, au na Bibi, na hasira haikuja. Alilia kimya kimya mbele ya foleni nzima, bila kuficha uso.

Kisha akajifuta kwa mkono wa koti, akaenda kumtoa kobe chini ya meza. Alimwomba A-hok amsaidie jambo moja, kwa kuwa yeye ana msiba na haruhusiwi kuvuka: amwingizie kobe wake, amweke mezani pa Bibi. A-hok akatua wake juu ya wa Siok-tin, akawabeba wote wawili. Ubavuni mwa yule mkubwa palikuwa pamebandikwa karatasi nyekundu, na Siok-tin alikuwa ameandika kwa wino mweusi: *Narudisha nilivyoahidi. Lu Bun-tiong, niliyemwambia abaki, amefariki mwezi wa kumi.*

A-hok alikaa ndani muda mrefu kuliko wa kutua kobe mezani. Safari hii vibao havikusikika. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, kobe wake mwenyewe amemwacha humo humo.

"Ndege ya kwanza ya kesho ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja na dakika ishirini," Siok-tin akajibu bila kufikiri. "Upepo ukiikwamisha, kuna ya saa tatu. Li-hua avae koti zito, kule hospitali wanawasha kiyoyozi kupita kiasi."

A-hok aliitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma tarehe kana kwamba haijui, akaondoka kwa haraka kuelekea nyumbani.

Siok-tin akarudi mezani. Basi la wageni lilikuwa limeingia uwanjani, na mmoja wao akauliza vibao viko wapi. Akamjibu vimeharibika. Yen alikuwa ameshavitia sandukuni, akamwashia kipaza sauti. Siok-tin akasafisha koo.

"Kushoto kwenu," akasema, "ni hekalu la Bibi wa Bahari."

Halafu akanyamaza kidogo, kama alivyozoea, akimsubiri dereva apunguze mwendo.