Madoa ya Waridi Kwenye Kioo

Nilianza kumshuku mama siku ya Jumanne, nikaandika kwenye daftari hili kwamba ni yeye. Nikiusoma ukurasa ule sasa naona aibu, lakini siufuti.

Tangi la maji ya chumvi mama alilileta kutoka ofisi moja ya mtaa wa Bugolobi iliyokuwa inafungwa. Lilikuja na samaki mmoja na mawe meupe, makavu kama mifupa. Mimi nilitaka yapate rangi. Kuna mwani mgumu, wa waridi na zambarau, unaotambaa juu ya mawe na vioo kama rangi iliyopakwa. Muuza samaki wa mapambo wa hapa mtaani kwetu, Bukoto, alinipa kijiwe chenye mwani huo. Nikaukwangua, unga wake nikaunyunyiza juu ya mawe yangu. Kila asubuhi nilitia matone ya kalsiamu, nikapima maji, nikawasha taa saa ile ile. Kuongea na watu siwezi, lakini kungoja naweza.

Baba hakupendezwa. Ni polisi, mtu wa kaskazini aliyekulia kambi za polisi, na hata nyumbani hukagua. Likizo ilipoanza alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma.

"Hii mawe yako imekufa. Shule ikifunguliwa na bado iko hivi, hii sanduku inatoka sebuleni. Umesikia?"

"Ndiyo, afande." Nyumbani sote tunamwita hivyo.

Zikiwa zimebaki wiki mbili shule ifunguliwe, nikaona madoa saba ya waridi kwenye kioo cha mbele, madogo kuliko punje ya ulezi. Sikumwambia mtu. Nilitaka yakue kwanza. Kesho yake, Jumanne, halikuwepo hata moja.

Mama ndiye aliyekuwa analalamika kuhusu chumvi sakafuni. Kwa hiyo nikaenda jikoni nimuulize, nikashindwa, nikasema, "Mama, umeona kitambaa cha kioo?"

"Kwani mimi ni askari wa vitambaa? Askari si yuko, muulize yeye!"

Akacheka. Nikaandika: amecheka sana, kwa nini?

Madoa mengine yakatokea Alhamisi, Ijumaa yakatoweka. Hapo nikaanza kuchunguza kweli. Maji ya chumvi yakikauka huacha ganda jeupe kwenye ukingo wa kifuniko. Nikaliacha ligande bila kulifuta. Jumapili asubuhi ganda lilikuwa limevunjika upande wa kulia, ambako mimi sifungui. Mtu alikuwa amefungua. Siku hiyo chai ya mama niliinywa bila kumtazama usoni.

Jumatatu niliamka kabla ya watu wote, nikajibanza kwenye korido.

Alikuwa baba. Amevaa suruali ya kazi na fulana, mkono umezama majini mpaka begani, wembe katikati ya vidole. Anakwangua taratibu, ulimi nje kidogo, kama mtu anayenyoa mtoto.

"Baba!"

Sauti yangu ilinishtua hata mimi.

"Shhh! Mama yako atasikia. Mimi nasaidia wewe. Hii kioo inachafuka kila siku na wewe huoni. Siku ya kukagua nikikuta madoa, nitasema nini? Itabidi itoke."

"Hayo madoa ndiyo yenyewe," nikasema. "Ndiyo rangi ya mawe. Ndiyo niliyokuwa nangoja."

Akautoa wembe, akauangalia. Unga wa waridi ulikuwa umeng'ang'ania makali yake.

"Hii uchafu?"

"Si uchafu. Ni hai."

Nikamshika mkono uliolowa, nikamwonyesha jiwe lililo chini ya pampu, mahali wembe haufiki. Palikuwa na doa moja, kubwa kama dengu. Akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Na mimi nimeua ngapi?"

"Mengi. Lakini huo unga unaoelea unaweza kushika kwenye mawe. Labda. Itachukua miezi."

Akafuta mkono kwenye fulana. "Sanduku inabaki," akasema. Halafu, kama anayejijua, "Andika amri. Bandika hapa hapa, nisisahau."

Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: USIKWANGUE KIOO. Akaisoma mara mbili.

"Ongeza 'bila ruhusa'."

"Ruhusa ya nani, afande?"

Nikaibandika kama ilivyokuwa, nikaenda kuuficha wembe.