Kampuni Mbili na Mfanyabiashara wa Samaki

Darasa letu la watu wazima hukutana kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi ulio chini ya kanisa, Mount Dennis. Mimi niliishia darasa la saba, na nilipofika kwa mama mdogo hapa Toronto niliambiwa nianzie hapo. Tangu Septemba hadi Januari nilikaa kiti cha karibu na hita bila kuzungumza na mtu, isipokuwa kumjibu mwalimu kwa Kiingereza. Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Mama mdogo alikuwa kazini, na watoto wake nikiwasemesha Kiswahili walinijibu Kiingereza. Nilipopata neno la kurudisha, wao walikuwa wameshaingia chumbani.

Januari mwalimu alituletea mchezo. Alieleza kwamba zamani, waya ulipolazwa chini ya bahari kutoka huku hadi Uingereza, telegramu ililipiwa kwa neno, na kampuni iliyokuwepo ilitoza ilivyotaka. Kisha ikaja kampuni nyingine na waya wake, ikashusha bei. Ile ya kwanza nayo ikashusha. Wakawa wanawafuata wafanyabiashara ofisini kuwabembeleza, maana aliyetuma telegramu ndiye aliyeandika juu ya fomu ipitie waya wa nani.

Darasa likagawanywa. Mama mmoja kutoka Lubumbashi, anayefanya usafi hospitalini, akawa mkuu wa kampuni ya zamani. Kijana wa Kenya anayeendesha lori akawa mkuu wa kampuni mpya. Wafanyabiashara tulikuwa watatu, na mimi nikapewa biashara kubwa kuliko zote, ya samaki wa chumvi, yenye telegramu kumi kila Jumamosi. Nadhani mwalimu alifanya hivyo ili nilazimike kusema.

Nilipopokea fomu zikaniponyoka. "Jamani," nikasema.

Yule dereva akageuka. "Eh, wewe ni wa kule kwetu? Na umetunyamazia hapa tangu Septemba?"

"Natoka Tanga," nikasema.

"Basi tumemalizana. Siz, hizo kumi lete kwangu. Bei ni nusu ya huyo mathe."

Mama wa Lubumbashi alikuwa ameshavuta kiti. "Mutoto wangu, usimusikilize ule. Waya yake inakatikaka. Samaki yako itaoza mbele ya jibu kufika."

"Samaki wa chumvi haozi, mathe."

"Kwako itaoza."

Nilicheka, nikashtuka kusikia sauti yangu humo ukumbini.

Siku ile nilimwahidi kila mmoja telegramu tano. Nilikuwa nimeona jambo moja: nikimpa mmoja zote kumi, aliyeshindwa atakata tamaa, na aliyeshinda hatakuwa na haja ya kurudi kwangu. Zikiwa tano kwa tano, wote wawili watakuja tena.

Wakaja. Jumamosi ya pili mama alileta maandazi, akauliza nani ananisuka na kama nina koti jingine zaidi ya lile. Dereva alinisindikiza kwenye theluji hadi kituo cha basi, akidai ana habari za waya wake wa pili, lakini njiani aliniuliza kama mama yangu yu hai na kama nimezoea baridi. Mimi huandika polepole, hivyo fomu kumi zilinichukua jioni nne. Jioni zilizobaki nilikuwa nikipanga majibu ya maswali ambayo huenda wangeniuliza.

Jumamosi ya tatu kampuni zote mbili zilikuwa zimepata hasara. Mwalimu akasema hata zile za kweli zilichoka kupigana, zikakaa chumba kimoja na kukubaliana bei, na tangu hapo hakuna aliyembembeleza mfanyabiashara. Akawapa ruhusa nao wakubaliane. Haikuchukua hata dakika kumi. Wakaunganisha meza zao.

Nilipeleka fomu zangu zikiwa nimeshazigawa tano tano. Dereva alizipokea akiendelea kuzungumza na mama, akazichanganya pamoja.

"Bei ni moja sasa, siz. Weka tu hapo."

Wakati wa chai walisimama dirishani, wakicheka kitu kwenye simu ya mama. Nikachukua kikombe changu, nikawafuata. Nilisimama pale kidogo kabla hawajaniona.

"Nilikuwa nawagawia tano tano makusudi," nikasema.

"Aje? Ya nini?" dereva akauliza.

"Ili muendelee kuja."

Dereva akapiga kizingiti cha dirisha kwa kiganja. "Mathe, umesikia? Huyu ndiye ametufilisi, na vile ametulia."

"Batanzania ndio vile," mama akasema. "Upole mingi, kumbe hesabu iko ndani."

Mimi sikuwa nikisema habari ya bei. Nilitaka kuwaambia hivyo, lakini dereva alikuwa ameshamwita mwalimu kumsimulia, na mwalimu akalisimulia darasa, na watu wakanipigia makofi. Nikanywa chai yangu. Siku hiyo nilikwenda kituoni peke yangu.

Jumamosi iliyofuata tukaanza hesabu za sehemu. Wao wawili sasa hukaa meza moja, wakibishana Kiswahili cha nani kimeharibika zaidi. Dereva akiniona mlangoni husema, "Tajiri, mambo?" Nami hujibu, "Poa," halafu nakwenda kwenye hita. Upande wa kushoto wa mama kuna kiti, na juu yake huweka begi lake. Nimefikiria namna ya kumwomba aliondoe. Ni maneno machache, na nimeyaandika nyuma ya daftari langu. Bado sijayasema.