Koti la Kuvalia Kilti

Kosa lilikuwa letu wenyewe. Siku ya kupokea mahari, hapa Marekani, nyumbani kwetu Hopkins, mume wangu alimvisha kanzu baba wa mkwe wetu, mzee wa Kimarekani ambaye asili yao ni Uskoti. Akamwongezea na koti na kofia, kwa sababu kwetu Tanga mgeni wa heshima haachwi akae na shati lake la mikono mifupi katikati ya watu waliovaa. Mzee wa watu alikaa na lile koti mchana kutwa, jasho linamtoka, asigune. Wakati wa kuaga akasema kwamba na wao wana vazi lao, na siku ya karamu angefurahi sana kama baba wa bibi harusi atalivaa. Mume wangu alikubali hata sijaweka sinia chini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini katika nyumba hii anayevua ni mwingine na anayeoga ni mimi.

Vazi lenyewe ni kilti, sketi nzito ya sufu, miraba ya kijani na bluu, marinda nyuma. Hiyo haikutusumbua. Mwanamume aliyekua na msuli kiunoni haogopi sketi. Alichotaka ni imfunike magoti tu, ikashushwa, na mikanda yake tukaibadilisha ikawa ya kunata. Mwaka juzi alipata kiharusi. Mguu ulirudi, ingawa anachechemea, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Upo tu, unaning'inia, na una baridi kiangazi na kipupwe.

Shida ilikuwa koti. Yeye alidhani atavalia lile lile la kanzu, jeusi, analolitunza kwenye mfuko wa plastiki. Tukalipeleka mpaka dukani Saint Paul, wanakouza mavazi hayo, na mama mwenye duka akatuonyesha kwa upole kwamba haliwezekani. Kwa kilti koti huwa fupi, linaishia kiunoni au chini yake kidogo, ili kile kimkoba cha ngozi kinachoning'inia mbele kionekane. La kwetu lilikifunika kimkoba na nusu ya sketi, akawa kama mtu aliyesahau kuvaa suruali. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hakucheka kwa sababu alikuwa ameshaapa. Tangu augue, kila asubuhi namvisha mimi, na siku nikiwa kazini hubaki na fulana ya kulalia mpaka nirudi. Ndoa ilipopangwa akaniambia kwamba atakapomtoa binti yake atakuwa amevaa mwenyewe, kuanzia soksi mpaka koti, mimi nisitie mkono. Nikamwitikia ndiyo, kama unavyomwitikia mtu aliyechoka.

Na mimi nilikuwa nimechoka, niseme kweli. Kazi yangu ni kuvisha watu. Naendesha gari kutoka Hopkins mpaka Coon Rapids kwenda kuwavisha wazee wa watu, kisha narudi kumvisha wangu. Kazini tuna kanuni moja tuliyofundishwa siku ya kwanza: mkono mgonjwa huingia kwanza na hutoka mwisho. Ukiifuata, koti linaingia lenyewe. Ukianza na mkono mzima, kitambaa kinabana mgongoni na ule mgonjwa haupati njia. Mtoto mdogo anaelewa hilo. Mume wangu halielewi, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba Mwislamu akivaa huanza na kulia. Miaka sitini na minne ameanza na kulia, na kiharusi hakitamfanya aanze na kushoto. Nimemwambia mara ngapi kwamba Mungu anamjua mgonjwa. Hunijibu kwamba mkono wa kulia hauumwi. Mganga hajigangi, ndiyo hivyo.

Pale dukani nililipenda koti moja jeusi, la karamu, lenye vifungo vya fedha na kizibao chake ndani. Limekatwa likakaa mwilini. Niliona picha tayari, niliona ndugu wa Tanga wakizipitisha simu kwa simu. Nikamshikia ajaribu. Akaingiza wa kulia. Wa kushoto ukagoma. Akavua, akaanza upya, kulia tena. Mara ya tatu kitambaa kikalia kwapani, yule mama akageuka kupanga soksi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Binti yetu, aliyetuleta, akatoka nje akijifanya anapiga simu.

Hapo nikakasirika. Nilikuwa nimetoka shifti moja kwa moja, miguu inawaka. Nikamwambia mbele ya watu kwamba kazini nina wazee wa miaka tisini, wamesahau hata majina ya watoto wao, na wanatoa mkono wa kushoto nikiwaambia watoe.

Akalivua koti polepole, akaniwekea mikononi.

"Hao wazee wako wanavishwa," akasema. "Mimi navaa."

Nikakaa kwenye kiti cha kujaribia viatu. Nilijisikia vibaya, na bado nilikuwa na hasira, vyote pamoja, na zaidi ya vyote nilitaka kulala.

Yule mama akaleta koti jingine, la mchana, la sufu ya kijivu, kifungo kimoja mbele, halihitaji kizibao. Mume wangu akaomba saizi kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi ya hiyo. Akaingiza mkono wa kulia. Akaegemea kaunta, akauweka ule wa kushoto juu yake kama unavyoweka mzigo, akauvutia tundu la mkono taratibu, vidole kwanza, kiwiko baadaye. Alichukua muda mrefu. Lilipoingia, mabega yalikuwa yamemzidi na mgongoni limefura. Kwenye kioo alionekana kaazima koti la kaka yake.

Lile jeusi lilikuwa bado mapajani mwangu. Nikasimama nikalirudisha kwenye henga, nikasema tuchukue la kijivu.

Siku ya karamu nilikaa kwenye korido ya ukumbi, nje ya chumba alichopewa, karibu saa nzima. Nilisikia kiti kikiburuzwa, nikasikia kitu kikianguka, nikamsikia akisema bismillahi zaidi ya mara moja. Mara mbili nilishika kitasa nikakiachia.

Akatoka. Kilti imekaa, soksi zimepanda, kifungo kimefungwa. Kola ya upande wa kushoto ilikuwa imejikunja ndani. Mikono yangu ikanyanyuka yenyewe, kama inavyonyanyuka kazini.

"Limekaa?" akaniuliza.

Nikaishusha mikono.

"Limekaa."

Binti yetu akaja akamshika mkono ule wa baridi, wakaingia ukumbini, na baba wa mkwe wetu akasimama kumpokea.

Kwenye picha zote kola imejikunja. Mpiga picha aliniuliza kama ainyooshe kwenye kompyuta. Nikamwambia aiache ilivyo, mwenye koti kavaa mwenyewe.