Alama za Kukisiwa

Mwanamke aliyeniambia kwamba sitakuwa daktari wa wanyama alikuwa mpole sana. Alikuwa mshauri wa wanafunzi katika koleji niliyosoma, ile ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu. Alinikaribisha kiti, akanisogezea boksi la tishu kabla hajasema neno, maana alishazoea wasichana wa miaka kumi na saba kulia ofisini mwake. Sikulia. Nililitazama lile boksi nikahisi hasira zinanipanda, kwa sababu nilijua ameshaamua kabla sijaingia.

Ilikuwa Septemba, katikati ya ile miaka ya elfu mbili. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimepata matokeo ya mwaka wa kwanza wa koleji: A ya Biolojia, A ya Hesabu, B ya Jiografia na C ya Kemia. Mwaka wa pili, ambao ndio wa mwisho, ulikuwa ndio kwanza umeanza. Lakini Uingereza mtu hangoji kumaliza ndipo aombe chuo kikuu. Huomba karibu mwaka mzima kabla, na vyuo humpima kwa mambo mawili: yale matokeo ya mwaka wa kwanza, na alama ambazo walimu wake wanakisia atazipata mwishoni. Tena wanaotaka udaktari, wa watu au wa wanyama, hutakiwa kupeleka maombi yao mapema kuliko wenzao wote, katikati ya Oktoba.

Nilipomweleza mama utaratibu huo jikoni kwetu, mtaa wa Saltley, aliacha kufungua kopo la tui.

"Hebu nifahamishe. Wanakuhukumu kwa mtihani ambao hujaufanya?"

"Ndio, mama."

"Na anayekisia nani?"

"Mwalimu."

"Kwani mwalimu mpiga ramli?"

Mama aliuza nguo katika duka moja la mtaa wa jirani, Alum Rock, na baba alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha vipuri vya magari, mtaa wa pili kutoka kwetu. Tulikuwa tumetoka Unguja nikiwa na miaka tisa. Hakuna aliyenitia wazo la wanyama. Lilianzia buchani, Alum Rock hukohuko, nilipokuwa natumwa nyama siku za Jumamosi. Siku moja nilimwona muuza nyama anatupa maini mazima kwenye ndoo, nikamuuliza kwa nini. Akanionesha vijishimo na minyoo bapa ndani yake. Nikauliza nani anayeamua kwamba nyama hii iliwe na hii isiliwe. Akasema huko machinjioni kuna daktari wa wanyama, yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Nilirudi nyumbani na nyama yangu, nikiwa nimeduwaa kwamba kuna mtu kazi yake ni kujua mambo kama yale.

Nilipotangaza nyumbani, walicheka. Baba alidhani natania.

"Daktari wa ng'ombe? Umesafiri kutoka Unguja mpaka Ulaya ukatibu ng'ombe?"

"Na kondoo. Na farasi."

"Na mbwa?" Mama ndiye aliyeuliza hivyo, na yeye hakuwa anacheka.

Hapo ndipo palipokuwa na mushkeli. Sisi ni watu wa kuswali, na mate ya mbwa yakikugusa yana namna yake maalumu ya kukoshwa. Nilimwendea mwalimu wangu wa madrasa, mama mmoja wa kutoka Mombasa asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza, akaniambia, "Utavaa glavu. Ukiguswa, utajikosha kama ulivyofundishwa, halafu utaswali. Mnyama mgonjwa ana haki zake pia. Kuna jingine?" Hapakuwa na jingine. Tulikubaliana na mama kwamba nguo za kazi hazitapita mlango wa mbele, na nitajikosha kwenye bomba la uani kabla ya kugusa kitu. Mara ya kwanza niliporudi kutoka kliniki ya wanyama nilikojitolea, nilimkuta uani na ndoo ya maji ya moto, amenuna, na taulo begani.

Likizo ya Pasaka ya ule mwaka wa kwanza wa koleji nilikwenda kujitolea kwenye shamba la kondoo nje ya mji, kwa mwanamke mtu mzima aliyeishi peke yake na mifugo yake. Nilipanda basi mpaka Longbridge, pembezoni mwa mji, nikateremka karibu na kiwanda kikubwa cha magari kilichokuwa kimefungwa, naye akaja kunichukua kwa gari lililojaa majani makavu. Alinitazama ushungi na gambuti zangu mpya, akanifungulia mlango. Siku ya tatu kondoo mmoja alishindwa kuzaa. Yule mama alijaribu, mkono wake ukawa mkubwa mno.

"Wewe una mikono midogo. Njoo."

Nilipiga magoti kwenye majani, nikaingiza mkono. Ndani kulikuwa na joto na giza, na kila kitu kilikuwa kinateleza. Nilipapasa nikapata mguu mmoja, kisha kichwa. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika nyuma.

"Usimvute," akaniambia. "Msukume arudi kwanza, uutafute huo mguu."

Nilimsukuma. Nikautafuta, nikaunyoosha taratibu, nikahisi kondoo mama anakaza, ndipo nikavuta. Mtoto alitoka amelegea kama kitambaa kilichorowa. Yule mwanamke akamsugua kwa majani mpaka akapiga chafya. Mimi nikakaa chini palepale, damu imenifika kwenye viwiko, nikasema moyoni: hii ndiyo kazi yangu.

Kwa hiyo Septemba ile, yule mshauri mpole aliposogeza boksi lake la tishu, mimi nilishaujua mkono wangu unaweza kufanya nini. Yeye alikuwa na karatasi ya matokeo tu.

"Mwalimu wako wa Kemia anakukisia B," alisema. "Vyuo vya udaktari wa wanyama vinataka A. Ukiomba, utakuwa umezitupa nafasi zako za kuomba. Umewahi kufikiria upimaji wa macho? Wasichana kama wewe hufanya vizuri sana huko."

"Kama mimi vipi?"

"Nina maana, unaweza kusoma hapahapa mjini, ukaendelea kuishi nyumbani. Familia itafurahi."

"Umeiuliza familia yangu?"

Uso ukamwiva. Akasema ananitakia mema, na naamini alinitakia. Nilimwambia nitaomba vyuo vinne, vyote vya wanyama, kisha nikanyanyuka.

Nikaenda moja kwa moja maabara kwa mwalimu wa Kemia. Alikuwa mtu mkavu, asiye na ubaya, anayefuta ubao kwa mstari ulionyooka. Nikamweleza kwamba ile C imetokana na mtihani mmoja wa Januari nilioufanya vibaya, kwamba mingine yote niliipata vizuri, na kwamba ule mmoja nitaurudia.

"Mimi hukisia ninachokiona," alisema.

"Basi nipe mtihani sasa hivi. Wowote. Uone."

Alinipa. Nilikaa palepale wakati wa chakula cha mchana nikaufanya, naye akasahihisha huku anakula sandwichi yake. Nilikosa maswali mawili. Aliyatazama majibu yangu, kisha akatikisa kichwa.

"Mtihani mmoja si mwaka mzima. B inabaki."

"Lakini mtihani mmoja wa Januari unatosha kunipa hiyo B?"

Akarudi kwenye sandwichi yake. Nilichukua begi langu.

Maombi yalikwenda kabla ya siku ya mwisho, na B yake ikiwa ndani. Mshauri aliniita tena kujaribu kunigeuza, akasema koleji ina sifa yake ya kulinda, wanafunzi wakikataliwa haipendezi. Nikamwambia jina litakalokataliwa ni langu, si la koleji. Nyumbani baba alikuwa ameacha kucheka. Tangu kiwanda cha Longbridge, kilichokuwa kikinunua vipuri vyao, kifungwe, kazi kwenye karakana yao zilikuwa zimepungua, na alikuwa anashinda nyumbani siku nyingine. Aliposikia habari ya upimaji wa macho, alikunja gazeti lake.

"Yeye kaona nini mpaka akuchagulie?"

"Kaona ushungi, baba."

"Basi usimsikilize. Mimi nilikuwa nacheka kwa sababu ni baba yako. Yeye hana ruhusa ya kucheka."

Vyuo vitatu vilinikataa bila hata kuniona. Cha nne kiliniita kwenye usaili. Nilikwenda kwa treni na mama, ambaye alikataa katakata nisafiri peke yangu, akanisubiri mkahawani na chakula chake kwenye kontena. Ndani walikuwa watu watatu, wanaume wawili na mwanamke mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Walinihoji juu ya kliniki na juu ya kondoo, nami nikawaeleza habari ya ule mguu uliokunjika mpaka mmoja wao akasahau kuandika. Kisha yule mwanamke akauliza, "Kemia una C, na mwalimu wako anakisia B. Kwa nini tukuchukue?"

"Msinichukue kwa kukisia," nilisema. "Nipeni sharti. Semeni lazima nipate A. Nikikosa, mnifungie mlango."

Walitazamana. Nadhani niliwapendeza. Lakini wiki chache baadaye wakanikataa nao. Walikuwa na waombaji wengi wenye A tatu za kukisiwa, hawakuwa na haja ya kubahatisha na mimi.

Nililia siku hiyo, chumbani kwangu, nimefunga mlango. Mama alinisikia akaniachia. Jioni akaniita tule, akaniwekea mapande mawili ya kuku badala ya moja. Kesho yake nilirudi darasani. Wenzangu karibu wote walikuwa na vyuo vinavyowangoja, wanazungumzia mabweni na masufuria. Mshauri aliniletea kijitabu cha upimaji wa macho, akasema bado kuna nafasi. Nilikirudisha mezani kwake nikamwambia ahsante, nina mtihani wa Kemia wa kurudia.

Sikusoma kwa furaha mwaka ule. Nilisoma kwa hasira. Nilifanya Kemia kwenye basi, Kemia kwenye stoo ya duka la mama katikati ya mabunda ya vitambaa, Kemia kabla ya alfajiri. Agosti ilipofika, tulikusanyika ukumbini kuchukua matokeo. Jiografia nilikuwa nimeiacha mwaka wa kwanza; masomo matatu yaliyobaki nilipata A tatu, na ya Kemia ilikuwa ya juu kabisa kuliko zote.

Yule mshauri alinijia amekunjua mikono, machozi yanamlengalenga. Nyuma yake alikuwapo mpiga picha wa koleji.

"Tunajivunia! Simama hapa na wenzako, tunataka picha kwa ajili ya kitabu chetu cha kuitangaza koleji mwakani."

"Mtaandika nini chini yake?"

"Kwamba umefaulu hapa kwetu."

"Na mtaandika kwamba mlinikataza?"

Tabasamu lake likabaki njiani. Mpiga picha akajifanya anafuta lenzi. Wasichana wenzangu walikuwa wamejipanga tayari, mmoja ananipungia mkono niende. Nikatikisa kichwa. Sikupiga kelele, wala sikumvunjia mtu heshima. Nilikataa tu. Nikiwa natoka, mwalimu wa Kemia alinikuta mlangoni.

"Nilikisia vibaya," alisema.

"Ndio, mwalimu."

Alingoja niongeze kitu. Nikampita, nikatoka.

Nilikaa nyumbani mwaka mmoja, nikimsaidia mama dukani, na majira ya kondoo kuzaa nikarudi shambani. Oktoba nilikuwa nimeshaomba tena, vyuo vilevile vinne, safari hii na alama zangu halisi mkononi. Viwili viliniita. Kwenye kile cha mwaka uliopita nilimkuta tena yule mwanamke mwenye mvi. Aliniangalia usoni.

"Tumeshaonana?"

"Mwaka jana. Mlinikataa."

Mmoja wa wanaume akakohoa. Yule mwanamke akafunua karatasi zangu, akasoma, kisha akasema polepole, "Ulitwambia tukupe sharti."

"Niliwaambia."

Walinipa nafasi bila sharti lolote, maana lililokuwa la kupatikana nilishalipata. Nilisoma pale miaka mitano. Sasa natibu ng'ombe wa maziwa zaidi kuliko kitu kingine chochote, na huamka wakati ambao mama yangu anauita wa wachawi.

Watu nikiwasimulia habari hizi hupenda kuniambia kwamba ni vizuri walinikataa, kwamba ndiko kulikonitia ari, nisingejitahidi vile. Huwa siwakubalii. Nilikuwa nafaa Septemba ileile. Mkono wangu ulikuwa mkono huuhuu, na akili yangu hiihii. Kilichobadilika ni kwamba mwaka mmoja ulipita, wenzangu wakatangulia, na mimi nikabaki kukunja vitenge vya watu mpaka dunia iamini jambo ambalo kondoo mmoja alishaliamini bila kuuliza matokeo. Sikumshukuru mtu kwa mwaka ule na sina mpango wa kumshukuru.

Baba husema nina kinyongo. Namwambia ndio baba, ninacho, na kinanifaa.